Santuri Iliyokataa Posa

Mtungi wetu wa maji ulipopasuka, kilichobaki mkononi mwa mke wangu kilikuwa kifuniko, na kifuniko chenyewe kilikuwa santuri. Sahani nyeusi ya muziki, upana wake kama sinia ndogo. Yeye alishangaa. Mimi sikushangaa, maana mimi ndiye niliyeifanya kifuniko, nilikuwa nimesahau tu, kama mtu anavyosahau kwamba mlango wake zamani ulikuwa dirisha.

Santuri ile aliileta ndugu yangu mdogo, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, tulipokuwa vijana. Aliileta pamoja na gramafoni ya kuichezea. Akasema huko alikotoka watu huisikiliza wamelala chali sakafuni. Nikamuuliza wana maradhi gani. Akasema hawana maradhi, ni muziki wenyewe ndio wataka hivyo. Basi jioni hiyo tukaiweka nyumbani kwetu, kwenye kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, na baraza ikajaa jirani, wote wakidhani wameletewa tarabu kutoka ng'ambo.

Kikalia kinanda. Kikaendelea kulia. Sasa mimi nimekulia katika tarabu, najua kwamba muziki wa heshima hauanzi na mwimbaji. Vyombo hutangulia, watu wakatengeneza vikao vyao, wanawake wakajipanga, ndipo mwimbaji aingie. Lakini siku ile tulitengeneza vikao mpaka miguu ikafa ganzi. Jirani mmoja aliondoka akaenda kuswali, akarudi, akauliza, "Bado hajaja?" Mwimbaji alipokuja, alisema maneno machache kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, kisha akaenda zake, magitaa yakaanza kugombana. Upande mzima wa sahani ulikuwa wimbo mmoja. Watu walimpa ndugu yangu pole, wakadhani ameibiwa huko bandarini. Wiki iliyofuata kifuniko cha mtungi kilivunjika, nikaijaribu ile sahani, ikakaa sawasawa kama imekatiwa hapo. Ikafunika maji yetu miaka na miaka, na lile tundu la katikati nililiziba kwa nta.

Jalada lake pia lilipata kazi. Lina picha ya mfalme asiye na uso, amekaa juu ya saa kubwa, na nyuma yake kuna ngazi ziendazo mawinguni. Mke wangu alilitia juu ya kabati la vyombo kuzuia vumbi, lakini akaligeuza picha ikatazama ukuta. Alisema hawezi kupika akitazamwa na mtu asiye na macho.

Niseme kidogo mimi ni nani, nisije nikadhaniwa mtu wa muziki. Mimi ni mjaza magodoro. Sufi, pamba, nyuzi za makumbi kwa wasio na uwezo. Skuli niliingia nikatoka kabla kiti hakijapata moto, na kuandika huku nimejifundisha ukubwani, kwa hivyo nikipotea ndia katikati ya maneno, msomaji anisubiri kwenye kona, nitarudi. Magodoro ya sufi sasa hayatakiwi. Watu walalia sponji, wakiamka migongo yauma, wananijia kuniuliza dawa. Kwa hivyo siku hizi nakaa nyumbani.

Aliyeirudisha santuri kwenye uhai ni mjukuu wangu wa kike. Tumemlea sisi, babake ni marehemu, na yeye ni mwalimu wa watoto wadogo, mwenye subira kwa kila kitu isipokuwa mimi. Alipoona kile kifuniko aliangua kicheko. Akatoa ile nta, akaiosha kwa sabuni ya vyombo, akaifuta kwa leso. Gramafoni ilikuwa chini ya kitanda, juu yake kuna masufuria. Akaipeleka kwa fundi wa redio, ikatiwa mpira mpya wa kuzungushia na sindano mpya. Akaangalia kwenye simu, akanieleza kwamba muziki huu una jina lake, ni roki ya kimaendeleo, na kwamba wenyewe kule bado wanaulilia. Hadithi yake ni mfalme aliyeingia ndani ya saa yake mwenyewe kutafuta kwa nini yachelewa, akapotea humo.

"Na akatoka?" nikamuuliza.

"Sikiliza mwenyewe, babu."

Nikasikiliza. Ilikuwa mbaya vilevile. Sahani ilikuwa na mikwaruzo ya miaka yote ile ya kata ya maji, lakini ubaya haukutoka kwenye mikwaruzo. Ngoma ndizo zilizonishinda. Mimi nimechambua pamba kwa fimbo maisha yangu yote, mkono wangu unajua kwenda sawa, na hizi ngoma zilikuwa zikitembea kama mtu mwenye mguu mmoja mrefu anayepanda ngazi. Ukipiga kofi, wao washapita. Ukingoja, wanakungoja. Nilikasirika mpaka nikaiweka tena siku ya pili, nipate kuwakamata. Sikuwakamata. Siku ya tatu mke wangu akasema nimerogwa, akaenda kukaa kwa jirani.

Siwezi kusema ni siku gani niliipenda. Najua tu kwamba alasiri moja nilikuwa nimelala chali sakafuni, juu ya godoro la sufi la mwisho nililojaza, kinanda kikapinda kona, nami nikajua kinakokwenda. Ni kama vichochoro vyetu. Mgeni huingia akitafuta bahari akatokea jikoni kwa mtu. Watalii wamemaliza kutazama Ngome ya Yesu, wanaingia huku kwetu na ramani zao, na mimi nimewatoa jikoni kwetu wengi, mwengine ameshakaribishwa chai. Lakini mwenyeji hapotei. Basi nikawa mwenyeji. Nikajua hapa filimbi italeta habari za uongo, hapa gitaa litalia peke yake kama mjane, hapa ngoma zitanyamaza ghafla, pumzi moja tu, kisha zirudi kwa kishindo. Yule mwimbaji niliyemwona mvivu, nikaona ni mtu wa adabu, haingilii vyombo vikizungumza. Ikawa kila baada ya alasiri lazima niisikilize, upande wa kwanza na wa pili.

Wakati huohuo mjukuu wangu alikuwa ameanza kupenda halwa kupita kiasi. Halwa ikawa haikatiki nyumbani, na yote yatoka duka moja, Majengo, kwa mzee mmoja mpishi wa halwa ambaye mjukuu wake wa kiume ndiye anayekoroga. Mke wangu alielewa mapema. Mimi nilikuwa nakula tu. Mpaka siku moja bibi akaniambia wazi kwamba yule kijana amewatuma wazee wake, watakuja Jumatano baada ya alasiri kuleta posa, na mtoto amemridhia, tena amemridhia sana, na kazi yangu ni kukaa kitini na kuwa mtu mzima.

Posa kwetu haiingii mlangoni moja kwa moja. Huanza na kujuliana hali, kisha hali za watoto, kisha mvua, kisha nani kafa na nani mgonjwa, kahawa ikapita, halafu mzee mmoja akakohoa, ndipo maneno yenyewe yaingie. Na kukataa pia kuna ndia yake. Hakuna anayesema hapana. Mwenye binti huyapeleka maneno kwengine. Mgeni akikaribia kukohoa, wewe unamuuliza habari za mnazi wake. Akirudi tena, unamletea chai nyengine. Mwisho anaelewa, anashukuru, anaondoka na uso wake mzima, na mkikutana msikitini mnapeana mikono kama kawaida.

Jumatano ile moyo ulikuwa ukinidunda. Nikaona niweke santuri kidogo nitulie. Wao kumbe wameswali msikiti wa karibu na kwetu, sindano ndiyo kwanza imegusa sahani, mlango ukabishwa. Wakaingia watatu, kanzu nyeupe, yule mzee wa halwa mbele na wajomba wawili wa kijana nyuma yake. Tukaamkiana vizuri. Nikainuka kwenda kuzima.

Mzee wa halwa akanizuia kwa mkono. "Sisi si wageni wa kukukatiza starehe yako. Kaa, bwana. Kaa."

Nikakaa. Nami nikafurahi, nikajua nimepata watu wenye masikio.

Wakakaa wima, mikono juu ya magoti, kimya. Wao wangoja iishe ndipo waanze. Mimi nawaona wamenyamaza, nasema moyoni hawa wanaisikiliza kweli, nisiwaharibie kwa maneno. Kahawa ikaja, wakanywa bila kusema. Mjomba mmoja akafumba macho, nikadhani amezama. Mahali gitaa linapolia kama mjane nikanyoosha mkono nikaongeza sauti, wasikose. Nyuma ya pazia mke wangu alikuwa akinifanyia ishara, mkono shingoni, mkono sikioni, mkono kwenye pazia lenyewe kama mtu anayekamua nguo. Nikamjibu kwa ishara kwamba mambo yote mazuri.

Upande ukaisha. Sindano ikainuka, nyumba ikanyamaza. Mzee wa halwa akavuta pumzi, akakohoa.

Sasa mgeni akimaliza kikombe cha kahawa, utamwacha na kikombe kitupu? Mimi nimelelewa. Nikaigeuza santuri, nikaweka upande wa pili.

Yeye akakitafuna kikohozi chake. Wakasikiliza mfalme anavyopanda zile ngazi, zote, na mikwaruzo yake. Sindano ilipoinuka mara ya pili wakasimama kwa pamoja, wakanishukuru sana, mjomba aliyefumba macho akanishukuru mara mbili, wakaenda. Nikamwita mke wangu atoke, nikamwambia watu hawa nimewapenda, lakini mbona hawakusema shida yao?

Mke wangu alikaa kwenye kiti cha mzee wa halwa, akajifunika uso kwa ukaya.

Jibu nilipewa asubuhi. Mjukuu wangu alikuja na simu mkononi, macho mekundu. Yule kijana amemwambia wazee wamerudi nyumbani wakatangaza kwamba wamejibiwa. Wamejaribu kusema, mwenye nyumba akayafunika maneno yao. Wakajaribu tena, akayafunika mara ya pili. Hakuna aliyekasirika. Wanasema nasibu haikuwepo.

"Babu," akaniambia, "wewe umeninyima mume kwa gitaa."

Nilitaka kumwambia kulikuwa na kinanda pia.

Hapo ndipo penye uzito, na ambaye si wa pwani huenda asiuone. Ungemtuma mtu akaseme, jamani, mzee wetu hakukataa, alikuwa akisikiliza santuri? Upande wa mke hauifuati posa iliyokwisha kuondoka. Ukiifuata ni kama unamtembeza binti yako mtaani, na hata wakimchukua, watamchukua wakiwa wameinama kumwokota. Mjukuu wangu mwenyewe alikataa nisiende kuomba. Na bila kwenda, yule kijana ataposewa kwengine kabla ya mwezi kuandama. Mke wangu alipendekeza nikaitupe ile santuri baharini nyuma ya bandari ya kale, na mimi niruke nayo. Sikusema sitafanya hivyo. Nilikwenda nayo mpaka mlangoni nimeikumbatia, nikasimama.

"Ngoja," nikamwambia. "Tatizo lao ni kuwa wadhani niliiweka kwa ajili yao."

"Na hukuiweka?"

"Wakiniona naisikiliza kwa mapenzi yangu, mahali pengine, siku nyengine, watajua si jibu. Watajua ndivyo nilivyo."

"Watajua u mwendawazimu."

"Mwendawazimu hajakataa posa."

Mke wangu akafungua sanduku, akatoa leso yake mpya, ya kufunikia gramafoni isiingie vumbi.

Nikakodi mkokoteni. Mwenyewe alikuwa mtu wa bara, mwenye msalaba shingoni, aliyekuwa kibarua wa bandarini zamani, mpole sana. Tulipofika Makadara akaniuliza kwa adabu kama hiki ni cherehani. Nikamwambia ni muziki, napeleka Majengo kuusikiliza. Akaniuliza kama Mji wa Kale umeme umekatika, hakuna stima. Nikamwambia ipo. Hakuuliza tena, lakini alipunguza mwendo, kama mtu anayesukuma mgonjwa.

Mzee wa halwa alikuwa uani kwake, na hapo ndipo Mungu alinisaidia, maana sufuria ilikuwa motoni. Halwa ikishatiwa wanga na sukari huiachi. Ukiiacha kidogo tu yashika chini na yote yaungua. Yeye amekaa juu ya kigoda anatia samli kwa upawa, na mjukuu wake amesimama na mwiko mrefu kama kasia, anakoroga, jasho lamtiririka. Hawawezi kuinuka, hawawezi kusema wana safari. Nikatoa salamu, nikasema napita tu.

Mzee akaitazama leso. Akautazama mkokoteni. Akasema, "Karibu. Stima iko hapo ukutani."

Nikaiweka. Nikatandika mkeka wa mlangoni na, mbele ya watu wa Majengo waliokuwa wakichungulia, nikalala chali.

Kinanda kikaanza. Yule kijana alijitahidi kukoroga kwa mwendo wake, lakini ngoma zilimwingia mkononi, mwiko ukaanza kuchechemea, ukawa wazunguka, wasita, wazunguka tena. Babu yake akamwambia akoroge kama binadamu. Akasema hawezi. Akaanza kucheka, akaficha uso begani, na bado akikoroga. Halwa ikarukaruka. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nimefika kwenye kona zangu, na nakiri kwamba mahali pa filimbi nilisahau nilichofuata.

Sahani ilipokwisha sikuigeuza. Nililala palepale. Nikasikia moto tu, na mwiko.

"Hii ndiyo ile ya siku ile," akasema mzee wa halwa.

"Ndiyo hiyo."

"Na waisikiliza hivi hata wasipokuja wageni?"

"Kila siku. Baada ya alasiri."

"Na bibi yako?"

"Huenda kwa jirani."

Akatia samli. "Mimi nilirudi hapa nikawaambia jamaa, yule mzee ni muungwana wa kale. Ametukatalia hata hatukuumia popote ila masikioni."

"Mimi nilikuwa nikiwakirimu."

"Kwa santuri hiyo?"

"Kwa hiyo, na kahawa."

Nilipofumbua macho nilimwona anatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka bila sauti, upawa umeinama, samli yamwagika chini. Alipojipata alisema hakuna neno lililosemwa baina yetu hata siku moja, wala la posa wala la jibu, kwa hivyo hakuna la kurudiwa, na Ijumaa yeye na wajomba huenda wakapita upande wa Mji wa Kale, wakijaaliwa. Akanikatia halwa ya ukoko, ile ya chini ya sufuria. Hiyo hapewi mtu wa kupita tu.

Ijumaa nilijiandaa kama mtu aliyeumwa na nyoka. Gramafoni nikaichomoa kwenye stima, nikaifunika, juu yake nikaweka chano cha kahawa isionekane kabisa. Wakaja walewale watatu. Tukaamkiana, wakakaa. Hali. Watoto. Mvua. Kisha maneno yakazama, nikaona wajomba wanatazamana, wanaitazama ile leso, wanamtazama mzee wao. Mzee wa halwa naye uso ulikuwa umeingia kivuli. Mara mbili aliinua mkono kama anayetaka kukohoa, akaushusha.

Mwisho akasema taratibu, "Ndugu yangu, leo hatukaribishwi? Siku ile tulipewa santuri pande mbili."

Kabla sijajibu, sauti ya mke wangu ilitoka nyuma ya pazia, na desturi haimruhusu kusema hata neno. "We mzee, iweke hiyo takataka yako, mtoto asije akakosa mume mara ya pili."

Nikaiweka. Wote wakalegea mabega. Na safari hii mzee wa halwa hakungoja iishe, alikwishajua haishi. Alikohoa juu ya kinanda, akaleta posa yake kwa kupaza sauti, maneno yote ya adabu yaliyotakiwa, kanzu imelowa jasho, shingo imetoka mishipa, kama mtu anayeita abiria. Mimi nikatega sikio kwa mkono. Ameomba nini? Mjomba akanirudia sikioni. Desturi ni kuomba muda tushauriane, lakini bibi alinionya asubuhi kwamba nikiomba hata dakika atahamia kwa dada yake. Na ngoma zilikuwa zimepamba moto, gitaa laparura, nami nikaona nikisema kwa sauti ya kistaarabu hawatanisikia, tutarudi kulekule.

Nikavuta pumzi nikapiga ukelele, "Tumekubali."

Ngoma zilinyamaza palepale. Ile pumzi moja. Ningeweza kuiita kwa jina, nimeilalia chali tangu msimu wa kusi, na siku hiyo sikuikumbuka. Neno langu likatoka peke yake dirishani, likapita kichochoro chote. Baraza ya jirani wakaitikia, "Alhamdulillahi." Kutoka Ndia Kuu mtu nisiyemjua akauliza kwa sauti, "Mumekubali nini?"

Kisha vyombo vikarudi kwa kishindo na mke wangu akapiga vigelegele juu yake. Juu ghorofani nikasikia miguu ya mjukuu wangu ikikimbia, huku na huku, haina pa kwenda.

Mzee wa halwa alininyooshea mikono miwili, midomo yake ikisema kitu. Nikainua sindano, tukasoma Fatiha.